Rangi iliyojificha nyuma ya dashibodi

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya siku ya kwanza ya kulifufua gari langu kuukuu, tena nikiwa na furaha tele. Ilikuwa Jumamosi. Niliamka alfajiri, nikavaa suruali ya kazi, nikashika spana na bisibisi, na adhana ya magharibi ilinikuta nimeshalivua gari zima: viti, mikeka ya sakafu, nyaya, raba za vioo, taa, vitambaa vya milango. Vilivyooza nilivirundika nje ya ua. Kijana wa mkokoteni alipopita nikampa rundo lote akauze au akatupe, na nikamwongezea elfu mbili kwa kunisafishia uwanja. Mke wangu alisimama mlangoni. "Mwalimu," akasema (huniita hivyo anapoona nafanya upumbavu), "umeandika kila kitu kimetoka wapi?" Nikamjibu kwamba vyote viko kichwani.

Kilichoondoka na mkokoteni ule ndicho nilichokuja kukitafuta kwa miaka minne iliyofuata. Kipande cha mkeka kilichooza, hata kiwe kikubwa kama kiganja, kinakuonyesha mkeka ulikuwa wa aina gani na uliishia wapi. Raba iliyokatika ina umbo lake ukiitazama ilipokatika. Waya mkavu una rangi yake, na rangi hiyo inakueleza unatoka wapi na unakwenda wapi. Mimi, mwalimu wa fizikia ninayewafokea wanafunzi wasioandika vipimo, sikupiga picha hata moja.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle. Nililinunua kwa milioni mbili na nusu kutoka kwa familia ya mzee mmoja aliyekuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Korogwe. Mzee alipofariki, gari lilibaki chini ya mwarobaini hapa Chumbageni, Tanga, limekalia matofali, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Watoto wa mtaa waliliita kobe. Mpwa wa marehemu, ndiye aliyeniuzia, aliapa kwamba gari lile liliwahi kukimbia Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Bado sijakutana na mwenye Beetle kuukuu Afrika Mashariki asiyesema hivyo. Ni kweli Volkswagen zilitamba kwenye mashindano hayo, na mwaka 1962 Tommy Fjastad aliyashinda kwa Beetle ya injini ya 1200. Lakini gari la karani wa mkonge lilikwenda ofisini na kanisani, basi.

Nilitaka lionekane vile lilivyotoka kiwandani Wolfsburg, Ujerumani. Nilidhani hilo ni suala la pesa, rangi na uvumilivu. Mtu aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja wa Mombasa, fundi mstaafu aliyezitengeneza Volkswagen ujana wake wote. Alikuja Tanga msibani, jamaa yangu mmoja akamleta nyumbani baada ya hitima. Nilimwamkia, nikamletea kiti, akakataa kukaa. Alilizunguka gari mara moja, mikono mgongoni, kisha akacheka polepole.

"Hili si gari moja, mwalimu. Huu ni ukoo mzima."

Akaanza kunionyesha. Taa za mbele zilikuwa zimesimama wima, na madigadi (yale mabati yanayofunika magurudumu) zenye taa za namna hiyo zilianza kwenye magari ya mwaka 1968. Beetle za kabla ya hapo kioo cha taa kimelala, kinafuata mteremko wa madigadi. Bampa zilikuwa nene, za pembe, nazo ni za kuanzia mwaka uleule. Ringi nne zilikuwa na matundu ya kupitisha hewa, ambayo yalikuja na magari ya mwaka 1966, na vifuniko vyake vya katikati vilikuwa bapa. Nyuma kulikuwa na injini ya 1600, ya Kombi. Umeme ulikuwa wa volti 12, ilhali gari la umri ule lilizaliwa na volti 6. "Na umri wake umeujuaje, mzee?" nikauliza. Akaniinamisha pale kilipokuwa kiti cha nyuma, akasugua kwa kidole gumba juu ya ule mfereji wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Namba ya chasisi ikatokea, inaanza na 115. Kumi na moja ni aina ya gari, tano ni mwaka 1965. Na mwaka wa Volkswagen, akaniambia, haukuanza Januari. Ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia, wafanyakazi wakirudi kutoka likizo ya kiangazi. Kwa hiyo gari la "1965" laweza kabisa kuwa limeundwa 1964.

Nilipotazama gurudumu la akiba, ambalo kwa rehema za Mungu nilikuwa sijampa yule kijana kwa sababu lilikuwa zito, niliona ringi isiyo na matundu, ya rangi mbili, na chapa ya tarehe ya 1964 iliyogongwa kwenye chuma. Nikakimbilia ile saa ya mwendo, yenye chapa ya VDO, nikaigeuza. Nyuma yake pia kuna tarehe, 64. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gari limejaa maandishi, nami nilikuwa nimechana kurasa nyingi kabla ya kujua kusoma.

Lakini sitaki kuwasema vibaya waliolibadilisha. Nimefungua kazi zao bolti kwa bolti, na ninawaheshimu. Chukua injini ile ya 1600. Sahani ya flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka mwishoni mwa injini) ya mfumo wa volti 12 ni kubwa kuliko ya volti 6, haiingii kwenye giaboksi la zamani. Fundi asiyejulikana, pengine miaka ya themanini wakati spea hazikuonekana hata kwa dawa, alilichonga giaboksi kwa ndani, kidogo kidogo, pande zote sawasawa, hadi flaiwili ikazunguka bila kugusa. Nilipitisha kidole pale nikahisi alama za tupa. Tupa ya mkono! Pedali zilikuwa na raba iliyokatwa kwenye tairi. Tangi la mafuta lilikuwa na tundu lililozibwa kwa sabuni ya mche, ambayo petroli haiyeyushi, na juu yake kitambaa na gundi. Nyaya za taa za nyuma zilikuwa za nyumbani, zile za kufungia swichi ukutani. Gari lililopaswa kufa mwaka 1983 liliendelea kumpeleka karani kazini miaka mingine kumi na kitu. Kulirudisha kwenye sura ya kiwandani maana yake ni kuufuta ujanja huo wote, na kuna usiku nilikaa nikajiuliza kama nina haki hiyo. Ile pedali ya raba ya tairi nimeitundika ukutani kwenye kibanda changu cha kazi.

Kutu sasa. Tanga ni chumvi. Upepo wa kusi ukivuma, hata bawaba za mlango wa jikoni zinalia. Beetle ina mihimili miwili mirefu ya bati chini ya milango, kushoto na kulia, ambayo pia ni mifereji ya kupeleka hewa moto mbele. Mihimili hiyo ndiyo uti wa mgongo wa bodi. Yangu ilikuwa imekuwa kama mkate wa ajemi, unapasua kwa kidole. Bodi ya Beetle inafungwa kwenye sakafu yake kwa bolti zaidi ya ishirini, ukizifungua unaweza kuinyanyua yote na watu sita na ugali wa mchana. Mimi niliinyanyua. Kisha nikakata mhimili wa kushoto wote kwa grenda, nikajisifu.

Jumatatu yake nilijaribu kufunga mlango wa kushoto. Haukufunga. Ulikuwa umepita tundu lake kwa karibu upana wa kidole. Bodi isiyo na mhimili, isiyo na sakafu chini yake, ilikuwa imejikunja kwa uzito wake yenyewe kama boksi la viatu lililokatwa ubavu. Fundi bodi niliyemwita kutoka Ngamiani alitazama, akaguna. Hakunilaumu. Alichomelea mapaipu mawili ndani ya tundu la kila mlango, moja la kulala na moja la mshazari, akarudisha bodi juu ya sakafu na kuifunga kwa bolti chache, ndipo akatumia jeki kusukuma taratibu hadi nafasi kati ya mlango na bodi ikawa sawa juu na chini. Siku tatu. "Upande mmoja kwanza, umalize, ndipo ushike wa pili," akaniambia akikunja nyaya zake, "na usikate kitu kabla hujakifunga na mwenzake." Tangu hapo sijakata hata bati la kuku bila kulifunga kwanza.

Spea ndogo ndogo nilizisafisha mwenyewe, na hii ndiyo sehemu iliyonipa raha kuliko zote, maana ni fizikia ya kidato cha tatu. Beseni la plastiki, maji, magadi ya kufulia. Chuma chenye kutu unakifunga kwenye waya hasi wa chaja ya betri, na kipande cha nondo unakifunga kwenye waya chanya, visigusane. Washa, nenda kalale. Asubuhi kutu imekuwa tope jeusi, unalisugua kwa brashi, na chini yake chuma kimebaki kizima na alama zake zote. Kwenye vichwa vya bolti nyingi nilisoma neno "Kamax", watengenezaji wa Ujerumani. Bolti zenye jina hilo nilizirudisha hata kama mpya zingekuwa rahisi. Angalizo mawili tu: mapovu yanayotoka ni hewa inayoshika moto, kwa hiyo beseni likae nje, mbali na sigara, na kwenye waya chanya usitumie chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria, kwa sababu maji yake yanageuka sumu.

Madigadi za mbele zenye taa za kulala nilizipata Mombasa, kwa msaada wa mzee yuleyule. Zilikuwa zimetundikwa kwenye dari ya stoo ya mtu tangu enzi za Kenyatta wa kwanza, zimefungwa kwa magunia. Bampa na vifuniko vya ringi vilivyobinuka, si vile bapa, nilivifuata Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambako niliuziwa pia vifuniko viwili vya uongo, vyepesi kama sinia la bati. Kurudi nilipanda basi na madigadi mbili kwenye buti. Pale Horohoro afisa kijana alizitazama, akanitazama.

"Mzee, hili ni gari au ni spea?"

"Ni spea, mwanangu."

"Za gari gani?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaita wenzake wawili. Mmoja akasema babu yake alikuwa nalo kama hilo Muheza, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya babu. Nililipa kilichostahili kulipwa, nikaondoka na risiti na salamu za babu.

Sasa nifike kwenye rangi, maana hapa ndipo nililipa ada kubwa.

Gari lilikuwa na nyeupe iliyopakwa kwa brashi, chini yake kijani, chini yake buluu. Nilikuwa nimeshajifunza kusoma, au nilidhani hivyo. Nikachukua kifuniko cha kisanduku cha dashibodi, ambacho kilikuwa hakijapakwa rangi nyingine, kimebaki na ile buluu ya mwanzo, safi, bila mkwaruzo. Nikasafiri usiku hadi Dar es Salaam nacho mfukoni kama hirizi. Duka la rangi likakisoma kwa mashine, wakanichanganyia lita nne. Fundi wa kupuliza akanishauri tuweke na klia juu yake, ile rangi isiyo na rangi, ing'ae na idumu. Nikakubali. Nani hataki king'ae na kidumu?

Lilipotoka kwenye chumba cha rangi, mtaa mzima ulikuja. Liling'aa kama embe lililopakwa mafuta. Watu walipiga picha. Mimi nilikuwa na furaha ya wiki sita.

Wiki ya saba nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, napitisha waya wa saa ya mwendo. Mwanga ukapiga upande wa nyuma wa bati la dashibodi, mahali ambapo jua halijawahi kufika, wala brashi, wala mkono wa fundi yeyote. Kulikuwa na ukanda wa buluu. Ilikuwa buluu nyingine. Nzito zaidi, iliyoshiba, si ile niliyoipuliza. Nilitoka chini ya gari nikakaa kwenye ndoo. Kifuniko kile cha kisanduku kilipigwa na jua la madirishani miaka zaidi ya hamsini. Jua la Tanga lilikuwa limekifua polepole, sawasawa, bila kuacha baka lolote la kunionya. Nilikuwa nimelipaka gari zima rangi ya kuzeeka kwake.

Na jibu lilikuwepo la kuombwa tu. Pale Wolfsburg kuna jumba la makumbusho la magari ya Volkswagen ambalo huwatolea wenye magari ya zamani cheti, kama cheti cha kuzaliwa. Unatuma namba ya chasisi, wanaangalia kwenye kumbukumbu za kiwanda, wanakuandikia lilikamilika lini, lilikuwa na rangi gani, lilipelekwa wapi. Nilikuwa nimesikia habari hizo mapema, nikasema nitaomba baadaye, kwa ajili ya kutundika ukutani. Nikaomba wakati huo. Kilipofika kilisema: Desemba 1964, Bahamablau. Kwenye orodha za rangi za Volkswagen hiyo ni namba L519, na kwa namba hiyo duka lolote lenye vitabu vya rangi linaweza kuichanganya bila kusoma kipande cha bati lililokwajuka. Rangi niliyokuwa nayo haikuwa na namba yoyote duniani, ilikuwa ya kifuniko kile peke yake.

Nilikaa nayo mwezi mzima nikijidanganya kwamba hakuna atakayejua. Wala hakuna aliyejua. Lakini kila nikifungua mlango niliiona, na klia nayo ikaanza kuniudhi. Kiwandani enzi zile hawakuweka klia. Bodi ilitumbukizwa kwenye rangi ya msingi, ikapuliziwa rangi ya juu, ikaokwa kwenye tanuri, ikawa imekwisha. Mng'ao wake ni wa rangi yenyewe, mlaini, kama wa kikombe cha udongo mpya. Klia inaweka kioo juu, na jicho linaona kina ambacho gari lile halikuwahi kuwa nacho. Ukiweka gari lenye klia karibu na picha ya gari jipya ya mwaka 1965 utahisi kuna kitu hakipo sawa hata kama huwezi kukitaja.

Basi nikalirudia. Msasa wiki mbili, mimi na vijana wawili wa likizo, na barakoa nzuri, si kitambaa, kwa sababu vumbi la rangi za kisasa na mvuke wake vinaua mapafu kimyakimya. L519, bila klia. Fundi wa kupuliza aliona nimerukwa na akili: mtu analipa mara ya pili ili gari ling'ae kidogo. Nilimpeleka chini ya dashibodi, nikampa tochi. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alisema jambo moja tu, "Wale jamaa walikuwa wanapuliza haraka." Ni kweli. Pale nyuma rangi ya kiwandani ni nyembamba, kuna sehemu rangi ya msingi inaonekana, na chini ya tangi la mafuta kuna tone lililoganda likining'inia. Gari lilikuwa la watu wa kawaida, liliundwa kwa maelfu kila siku, na hakuna aliyekuwa na muda wa kung'arisha mahali pasipoonekana. Lile tone nimeliacha. Vijana waliponishauri kupaka mabati ya injini rangi nyekundu na kununua mapaipu ya kung'aa, nikayapaka meusi, kwa sababu yalikuwa meusi. Sakafu kwa chini nayo nyeusi. Mtu anayetembelea gari akitegemea urembo anaondoka hajashiba, na sioni haja ya kumwomba radhi.

Viti vilinipa bahati ambayo sikuistahili. Springi zilikuwa nzima, lakini ule mto wa juu yake ulikuwa umekwenda na mkokoteni, na maduka ya Ulaya yanauza mpya kwa bei ya kumwozesha binti. Nikamuuliza mzee wa Mombasa ndani mlikuwa na nini. Akasema, makumbi. Nyuzi za nazi zilizochanganywa na mpira na kukandamizwa. Harufu ile maarufu ya ndani ya Beetle ya zamani, ambayo Wazungu wanaiandikia mashairi, sehemu yake ni makumbi yaliyoloa unyevu! Nilicheka peke yangu barabarani. Tanga, ambako makumbi tunachomea moto wa kufukuzia mbu. Fundi wa magodoro wa Makorora alinisukia mito minne kwa siku mbili, akaipulizia gundi ya mpira, nikaikata kwa kufuata springi. Kitambaa cha juu, kile cha plastiki chenye vitundu vidogo, ilibidi nikiagize. Hapo sikupata njia ya mkato.

Injini ya 1600 niliitoa. Kuitoa injini ya Beetle ni jambo la nusu saa, nati nne na jeki ya magurudumu, hakuna maji wala rejeta ya kumwaga. Nilipata kesi (ganda la injini) ya 1200 ya miaka hiyohiyo, nikaijenga upya. Siyo ile iliyozaliwa na gari, hiyo sijui ilizikwa wapi, nami sisemi kwa mtu kwamba ni yake. Sura ndiyo niliyoirudisha, damu imebaki ya kuazima. Volti 6 nazo zimerudi, pamoja na taa za manjano hafifu ambazo usiku zinakuonyesha shimo ukiwa umeshaingia ndani yake. Hili rafiki zangu wengi hawakubaliani nami, na pengine wako sahihi. Kwa usalama volti 12 ni bora, sina ubishi. Mimi naendesha mchana. Ila wanaosema volti 6 haiwashi gari wanasema uongo. Inawasha vizuri kabisa kama nyaya ni nene na kila mahali waya unapogusa bodi umesugua hadi chuma kitupu. Mafundi wengi walibadilisha mfumo mzima kwa sababu ya kutu kwenye bolti moja.

Jambo lililowachekesha watu kuliko yote ni hita. Injini ya Beetle haina maji, kwa hiyo joto la ndani linatoka kwenye mapaipu ya moshi: feni inasukuma hewa kupita kwenye vizimba vya bati vilivyozungushiwa mapaipu hayo, hewa inapata moto, inaingia kwenye ile mihimili ya chini ya milango na kutokea miguuni na kwenye kioo. Kwenye gari langu vizimba vilikuwa vimeng'olewa zamani, yakawekwa mapaipu ya kawaida, na matundu ya feni yakazibwa kwa vikopo vya maziwa ya kopo vilivyokatwa. Nani anahitaji hita Tanga? Nilitafuta vizimba vile mwaka mzima. Nikafunga na nyaya zake mbili na vile vijiti viwili vya kuvutia vilivyo pembeni ya breki ya mkono. Fundi bodi wa Ngamiani alinitazama nikiunganisha. "Mwalimu, hii ni kama kununua koti la mvua Dodoma." Mke wangu alisema mengine ambayo siyaandiki.

Julai mwaka jana tulikwenda Lushoto. Harusi ya mtoto wa dada yake. Tulipita Segera, Korogwe, tukafika Mombo saa kumi alasiri, tukaanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kona juu ya kona, mto upande mmoja, jabali upande mwingine, na Beetle inapanda kwa gia ya pili bila haraka, ikivuma vile inavyovuma. Juu kidogo ya Soni ukungu ulishuka. Kioo cha mbele kikajaa mvuke, tukawa hatuoni. Mke wangu alikuwa na khanga mbili mabegani na bado anatetemeka, ananiangalia kwa jicho la "ningepanda basi".

Nikavuta vile vijiti viwili.

Kwanza haikutokea kitu. Halafu ikaja harufu: vumbi lililoungua, oili, na kitu kama makumbi. Halafu vidole vya miguu vikaanza kupata vuguvugu, na chini ya kioo pakatokea upenyo mdogo, mkubwa kama yai, ukapanuka. Mke wangu aliinama akaweka kiganja karibu na tundu la miguuni, akakiacha pale muda mrefu. Nilisubiri aseme neno. Miaka minne nilikuwa nalisubiri.

"Kunanuka," akasema. Kisha akavua viatu, akasogeza miguu yote miwili pale penye tundu, na hakuitoa hadi tulipoingia Lushoto.